Kununua darubini ya bei nafuu bila kupigwa: pima haya kabla hujatoa hela

Wiki mbili kabla ya Ramadhani iliyopita kijana wa jirani yangu hapa Chumbageni, Tanga, alipita nyumbani na boksi mkononi, kafurahi kweli, ananambia mjomba nimemnunulia babu darubini, mwaka huu mwezi auone mwenyewe asisubiri kusimuliwa. Babu yake alikuwa nahodha wa jahazi miaka mingi, saa hizi miguu imechoka na macho si yale ya zamani. Kwenye darubini pameandikwa 30x60 kwa maandishi meupe makubwa, ina rangi za kijeshi, inaingia mfuko wa shati. Nikaishika nikatazama mnazi wa ng'ambo ya barabara nikaona minazi miwili, mmoja umempanda mwenzie, na pembeni pana rangi ya zambarau kama mafuta ya taa yakielea kwenye maji. Nikakosa hata la kusema, maana hela ile yule kijana kaikusanya kwa kubeba ndoo za samaki pale soko la Deep Sea, na aliyemuuzia kwa simu alishazima namba.

Ndo nkaona niandike haya yote mahali pamoja. Mie nina miaka karibu ishirini natazama ndege na vyombo baharini, darubini zangu zote nimenunua kwa hela ya kubana, na ninayoyajua nimeyajua kwa kushika nyingi na kununua mbovu mbili tatu. Hela ndogo inapata darubini nzuri, hilo nina uhakika nalo, ila lazima ujue unapima nini.

Tuanze na hizo namba maana ndo zinazotuumiza. Kila darubini ya macho mawili ina namba mbili, mfano 8x42. Ya kwanza inakwambia kitu kimesogezwa mara ngapi, yaani mashua iliyoko mita 800 utaiona kana kwamba iko mita 100. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, kile kioo kikubwa kinachokaa upande wa unachokitazama. Basi, hamna siri nyingine. Sasa wauzaji wanajua sie wote tunakimbilia namba ya kwanza, tunaona 30 ni kubwa kuliko 8 kwa hiyo ni bora, kumbe kwa darubini ya kushika mkononi 30 haikufai hata ingekuwa ya kweli, na mara nyingi si ya kweli.

Kwa nini haikufai? Mkono wa binadamu unatetemeka, hata uwe kijana wa kunyanyua vyuma, pumzi na mapigo ya moyo peke yake yanatosha kuutikisa. Darubini inakuza kitu pamoja na ule mtikisiko wako. Ikikuza mara 7 au 8 watu karibu wote tunamudu, mara 10 kuna wanaomudu na kuna wanaochoka baada ya dakika mbili, ukifika mara 12 kwenda juu bila kuegemea ukuta au kuweka kwenye traipodi utaona kitu kinacheza tu, huwezi kusoma hata jina la boti. Na juu ya mashua ndo kabisa, chombo chenyewe kinapanda na kushuka, ndo maana mabaharia miaka yote wanatumia 7x50, hawajashindwa kununua kubwa zaidi.

Kingine kinachopotea ukikuza sana ni upana wa unachokiona. Darubini nyingi zimeandikwa pale nyuma kitu kama 122m/1000m, maana yake ukitazama umbali wa kilomita moja unaona kipande chenye upana wa mita 122. Nyingine zinaandika kwa digrii, 7° mfano, chukua digrii zidisha kwa 17.5 unapata zile mita, 7 mara 17.5 ni karibu 122. Kwa mtu anayeanza kipande kipana ni raha, maana tabu kubwa ya mwanzoni ni kumpata ndege kwenyewe, umemuona kwa jicho yuko kwenye mkungu ule, ukiweka darubini unaona majani matupu, unahangaika mpaka kesharuka. Mie nashauri usishuke chini ya mita 110 kama unaweza.

Haya, namba ya pili, upana wa kioo, hii ndo ya kuipenda. Kioo kikubwa kinakusanya mwanga mwingi. Kioo cha milimita 42 kina eneo mara nne ya kioo cha milimita 21, sio mara mbili, mara nne, ndo maana vile vidarubini vya mfukoni vya 8x21 saa sita mchana vinaonekana safi tu lakini ikifika magharibi unaona giza wakati mwenzio mwenye 8x42 bado anahesabu nyaya kwenye mlingoti. Chukua namba ya pili gawa kwa ya kwanza: 42 gawa kwa 8 unapata 5.25, hiyo ni milimita, ni upana wa lile duara la mwanga linalotoka nyuma kuingia kwenye jicho lako. 50 kwa 7 ni zaidi kidogo ya 7. 21 kwa 8 ni 2.6 tu.

Mboni ya jicho mchana wa jua inajibana mpaka kama milimita 2 au 3, kwa hiyo mchana darubini zote zinakupa mwanga wa kutosha na hapo dukani utadanganyika kirahisi. Gizani mboni ya kijana inafunguka mpaka karibu 7, ya mzee inaishia 5 au chini yake. Sasa ona, yule babu wa Chumbageni ukimnunulia 7x50 unamnunulia duara la milimita 7 wakati mboni yake inapokea 5, mwanga mwingine unamwagikia nje ya mboni, na darubini yenyewe nzito karibu kilo nzima, shingo inauma. Yeye wa kumfaa ni 8x40, duara lake ni 5 kamili na uzito umepungua. Kijana anayelala baharini na dau usiku yeye ndo achukue 7x50. Namba hizi ukizielewa hakuna muuzaji atakayekuchezea tena.

Sasa kuhusu uongo wa namba. Nenda dukani na futi ya fundi cherehani, si utani, iweke mfukoni. Darubini imeandikwa 30x60, pima kioo cha mbele, lazima kiwe sentimita 6. Ile ya kijana ilikuwa na kioo cha milimita 22. Pima kioo chenyewe usipime plastiki iliyokizunguka, maana kuna nyingine wameweka mdomo mpana wa plastiki halafu ndani kioo kama kifungo cha koti. Kisha ishike mbali na uso, urefu wa mkono, uielekeze kwenye ukuta mweupe au anga lenye mwanga (sio jua), utaona vile vioo vya nyuma vina viduara viwili vinang'aa. Pima kiduara kimoja kwa kukadiria kwenye futi. Kioo cha mbele milimita 22, kiduara kama 3 na nusu, gawa, unapata kama 6. Yaani ile 30x60 ni darubini ya mara 6 iliyobandikwa namba ya uongo. Hesabu hiyo inachukua dakika moja na haihitaji mtaalamu.

Na zile zenye maandishi ya kuzuum, 10-180x100 na mengine ya namna hiyo, achana nazo kabisa. Zuum ya kweli kwenye darubini ya macho mawili ni ngumu kutengeneza kwa sababu vioo vya pande zote mbili lazima visogee sawasawa kabisa, hata za makampuni yenye jina upana wake unakuwa mwembamba na giza, sembuse ya elfu thelathini.

Wakati bado umeishika mbali na uso angalia umbo la vile viduara. Kama ni duara safi kama sarafu, vizuri. Kama kingo zake zimekatwatwa zinaelekea umbo la mraba, na kuna vivuli vya kijivu pembeni, ujue ndani kuna prizimu za kioo cha bei rahisi. Prizimu ni vile vipande vya kioo vinavyogeuza picha isimame wima, maana lenzi peke yake zingekuonyesha jahazi limepinduka tanga chini. Utaona wanaandika BaK4 au BK7, ni aina za kioo cha prizimu, BaK4 ndo bora, ila usiamini maandishi, amini viduara.

Hapo hapo nizungumzie maumbo. Kuna darubini za mabega, zile za zamani ambazo vioo vya mbele vimetanuka kuliko vya nyuma, zinaitwa poro kwa jina la Muitaliano Ignazio Porro aliyezisajili prizimu zake mwaka 1854. Na kuna zile zilizonyooka kama mabomba mawili, ndo zinazopendwa siku hizi kwa sababu zinakaa vizuri mkononi na zinaonekana za kisasa. Zilizonyooka zinahitaji kazi ya ufundi ya juu zaidi kwenye prizimu ili picha itoke kali, na hiyo kazi ni gharama, kwa hiyo ukiwa na hela ndogo, poro ya bei ileile itakupa picha safi kuliko iliyonyooka. Kila anayenifuata akisema nataka darubini ya bei ya chini namwambia poro, wengine wananuna wanasema ni ya kizee. Weka mbili mezani utazame mwenyewe halafu uniambie.

Kitu kingine cha kutazama ni rangi ya kioo. Inamishe darubini chini ya taa au dirisha uone taa inavyojirudisha kwenye kioo cha mbele. Ikijirudisha nyeupe kabisa kama kwenye dirisha la nyumba, kioo hicho ni kitupu, hakijapakwa utando. Ikijirudisha kijani hafifu au zambarau hafifu, kimepakwa. Utando huu kampuni ya Kijerumani ya Zeiss ndo waliuanzisha mwaka 1935, na kazi yake ni hii: kila uso wa kioo kitupu unarudisha nyuma karibu asilimia 4 ya mwanga, na ndani ya darubini nyuso ni nyingi, kumi na zaidi, kwa hiyo bila utando unapoteza theluthi ya mwanga na ule uliopotea unazunguka humo ndani unaifanya picha iwe kama ina moshi. Halafu kuna zile zenye vioo vyekundu kama komamanga. Watu wanazipenda kweli! Zile zinarudisha nje mwanga mwekundu, picha inabaki ya bluu bluu, ndege mwekundu anakuwa wa kahawia. Usinunue.

Sasa wapi upate. Dukani mpya zipo, Dar Kariakoo zipo, na ukiwa na mtu wa nje anakuja likizo mwambie akuletee, majina ya bei ya chini ambayo hayajawahi kuniangusha ni Nikon Aculon, Olympus zile za 8x40 na Celestron za 8x42, hizi ni darubini za watu wa kawaida na vioo vyake ni vya kweli. Ila hazina yetu kubwa ni mitumba. Kwenye mitumba inayoshuka huku mara mojamoja kunakuwa na darubini kongwe za Kijapani, za Kirusi, hata za Ujerumani ile ya mashariki zilizoandikwa Carl Zeiss Jena, na muuzaji wa vitu mchanganyiko hajui thamani yake, kaiweka pembeni ya pasi na redio mbovu. Pita Ngamiani hapa mjini asubuhi, pita tena wiki ijayo, uwe na subira. Poro yangu ya 8x40 nliitoa hivyo kwa elfu sitini na mpaka leo inafanya kazi. Za Kirusi zina rangi ya manjano kidogo kwenye picha, usishtuke, zimetengenezwa imara na baharini ule umanjano unasaidia kwenye ukungu mwepesi. Ya Jena iangalie kwa makini maana za kuigiza nazo zipo.

Mtumba upimwe hivi. Kwanza fangasi, na kwa sie wa pwani hili ni la kwanza kabisa, washa tochi ya simu mulika kutoka mbele huku unatazama kutoka nyuma, halafu geuza. Ukiona vitu kama utando wa buibui au mizizi midogo imetambaa kwenye kioo, hiyo ni fangasi, imeshaanza kula kioo na hata ukisafisha alama inabaki. Vumbi chembe mbili tatu halina neno. Ukungu mweupe wa jumla ni mafuta ya gurudumu la kati, lile la kuzungusha mpaka picha iwe kali, yaliyoyeyuka yakaganda kwenye kioo, fundi wa kamera mzuri anaweza kufungua lakini ongeza gharama hiyo kwenye bei.

Pili, pacha. Darubini iliyoanguka prizimu zinahama, upande wa kulia unatazama huku na wa kushoto kule, ndo ile minazi miwili. Tatizo ni kwamba macho yetu yanajitahidi kuvuta picha ziungane, kwa hiyo dukani unaweza usione kasoro, ukifika nyumbani baada ya robo saa kichwa kinagonga. Cha kufanya tafuta mstari ulionyooka wa mlalo, waya wa umeme au ukingo wa bati la nyumba ya mbali, utazame vizuri kisha uisogeze darubini taratibu kutoka usoni, sentimita tano, kumi, huku unaendelea kutazama ule mstari kwenye viduara vyote viwili. Mstari uwe usawa mmoja kulia na kushoto. Ukiwa upande mmoja juu mwingine chini, rudisha, hata kwa elfu kumi usiichukue, kuirekebisha ni kazi ya fundi mwenye vifaa na huku kwetu mie simjui.

Tatu, gurudumu la fokasi lizunguke laini toka mwanzo mpaka mwisho lisiruke wala lisiwe na mchanga. Bawaba ya katikati ikaze kidogo, ikilegea kama mkasi mbovu kila mara utakuwa unaipanga upya. Tikisa karibu na sikio, isilie kitu ndani.

Wanaovaa miwani nyie mna lenu. Ukitazama na miwani jicho linakuwa mbali na kioo cha nyuma, na darubini nyingi za bei ya chini zimekusudia jicho lililobandikwa kabisa, kwa hiyo utaona katikati tu kama unachungulia tundu la funguo. Tafuta iliyoandikwa nafasi ya jicho (kwa Kiingereza eye relief) milimita 15 au zaidi, na vile vikombe vya mpira vya nyuma viwe vinakunjika au vinazungushwa kushuka. Kama miwani yako ni ya kuona mbali au karibu tu unaweza kuivua, fokasi inatosha kufidia. Ila wazee wenye mtoto wa jicho waende kwanza hospitali, darubini inakuza ukungu ule ule.

Ukishainunua watu wengi hawajui kuiweka sawa, wanatumia mwaka mzima jicho moja linalazimishwa. Kunja bawaba mpaka viduara viwili viwe kimoja. Tafuta kitu kisichotembea, kibao cha duka mfano. Funika upande wa kulia kwa kiganja, tazama kwa kushoto, zungusha gurudumu la kati mpaka maandishi yawe makali. Kisha funika kushoto, tazama kwa kulia, safari hii usiguse gurudumu la kati, zungusha kile kipete kilichoko kwenye kioo cha nyuma cha kulia mpaka maandishi yawe makali. Kumbuka alama ilipoishia, hiyo ndo ya macho yako, baada ya hapo unatumia gurudumu la kati tu. Akiazima mtu mwingine ataiharibu, utairudisha kwenye alama yako.

Sasa kuchagua kwa kazi. Mtu wa bahari, 7x50, isiyopitisha maji kama mfuko unaruhusu, maana zile za kweli zimefungwa kwa mipira na kujazwa gesi ya naitrojeni ndani na hazipati ukungu. Wavuvi wanaonisikiliza wananielewa hapa, ukiona shakwe wanazama na kuibuka kundi zima kilomita mbili mbele umejua samaki wadogo wamesukumwa juu na wakubwa wako chini yao, na aliyewaona mwanzo ndo anafika mwanzo. Mtu wa ndege, 8x42 au 8x40. Mie nikipanda Amani kutoka Muheza, ule msitu umefunga, kuna mwanga wa kijani tu chini ya miti, hondohondo wako juu kabisa na chozi wanarukaruka kwenye maua hawatulii, bila kioo kipana unaona vivuli. Na kwenye mikoko huku chini kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa nne wanakuja vitwitwi na sululu wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia, wanasimama kwenye tope mbali, pale hata 10x50 ukiegemea kitu inafaa. Kama unataka moja ya kila kitu chukua 8x40 au 8x42 usiwaze sana.

Kuhusu mwezi mwandamo, hukumu ya kutazama kwa darubini waulize masheikh, mie nasema la macho. Kwetu Tanga bahari iko mashariki, kwa hiyo mwezi mchanga hauutafuti baharini kama wageni wengi wanavyodhani, unageuka kuelekea bara, kule jua lilikozama upande wa milima ya Usambara. Tafuta mahali pa juu pasipo na miti, ghorofani ni bora. Na sikilizeni hili vizuri: mwezi mwandamo uko karibu na jua, na ukilipitisha jua kwenye darubini hata mara moja jicho linaungua ndani, na halitauma wakati linaungua, utagundua baadaye umebaki na doa jeusi katikati ya unachokiona maisha yote. Darubini isiinuliwe mpaka jua limezama lote. Watoto wasiachiwe kabisa kabla ya hapo. Jua likishazama, weka fokasi kwanza kwenye mnara wa mbali au nyota ya kwanza, kwa sababu mwezi mwembamba ukiwa nje ya fokasi hauonekani kabisa, unapita juu yake hujui. Halafu pitisha taratibu kulia kushoto, ukimaliza mstari panda kidogo, rudi.

Usiku ambao hutafuti mwezi elekeza kwenye Kilimia, lile kundi dogo la nyota. Kwa jicho unahesabu nyota sita au saba, kwa 8x40 zinakuwa makumi, zimemwagika kama chumvi kwenye kitambaa cheusi, na ndo nyota zile zile wazee walizosema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Sayari ya Mshtarii, yaani Jupita, nayo ukiegemea ukuta vizuri utaona vinukta vidogo vimejipanga pembeni yake, ni miezi yake minne mikubwa ile aliyoiona Galileo mwaka 1610.

Mahali pa kutotazama: bandarini, kambini, polisi, hata kule Chongoleani kwenye kazi za bomba la mafuta. Mtu mwenye darubini anatiliwa shaka haraka, na kujieleza kunachukua siku nzima. Na madirisha ya watu kabisa usielekeze, ukiwa darini waambie majirani unatazama ndege wajue.

Mwisho utunzaji, na hapa ndo darubini nyingi za pwani zinakufa, haziuliwi na kuanguka zinauliwa na unyevu. Usiiache kwenye mkoba wake wa ngozi ndani ya kabati la nguo, mkoba ule unavuta unyevu na fangasi inapenda giza na joto. Tafuta ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, weka ndani vile vipakiti vya punje za kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, omba kwa wauza viatu wanavitupa tu. Vipakiti vikichoka vianike juani mchana kutwa. Usiweke mchele, unatoa unga. Mara moja kwa wiki itoe ipate hewa na mwanga.

Ukitoka baharini chumvi isilale. Kama haipitishi maji imiminie maji baridi ya bomba, kama inapitisha pangusa mwili wake kwa kitambaa chenye maji kidogo tu. Kioo usikiguse kwa kanga wala shati kikiwa kikavu, kuna chembe za mchanga pale na utakuwa unakisugua kwa msasa. Puliza kwanza, piga brashi laini, kisha pumulia juu yake na ufute kwa kitambaa cha miwani kwa duara kuanzia katikati.

Yule kijana tulizunguka naye Ngamiani Jumamosi tatu. Ya nne tukaipata, 8x40 ya Kijapani, mpira umechubuka upande mmoja lakini vioo safi na waya wa umeme umekaa usawa mmoja pande zote. Futi alishika yeye, viduara alipima yeye. Mwezi wa Ramadhani ulishapita, wa Shawwali babu akabebewa kiti mpaka juu kwa jirani mwenye ghorofa. Darubini sasa inakaa kwenye ndoo ya mayonizi chini ya kitanda chake, na vipakiti anavianika mwenyewe kila Ijumaa.